Ova ya Baba

Elerai, Jumamosi alasiri

Mwanangu Aichi,

Watu wakiandikiana barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi siwezi kuanza hivyo, kwa sababu hali yako naijua kuliko unavyoijua wewe mwenyewe, na hilo ndilo lililonikalisha mezani leo. Wewe umekwenda Maji ya Chai kumuaga bibi yako. Mama yako yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nimebaki nyumbani na sanduku lako lililokwisha kufungwa, kalamu, na woga ambao sijawahi kuwa nao. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Afrika Kusini, kusoma na kuichezea kriketi timu ya chuo, na wao wamekupenda kwa jambo moja tu: unarusha mpira kwa kasi kuliko msichana yeyote waliyemwona huku kwetu. Kabla hujaondoka kuna kitu lazima ukijue. Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana mara tatu.

Mambo ya masweta, ya kula vizuri, ya kutolala na simu sikioni, mama yako amekwisha kuyasema, na mengine ameyasema hadi majirani wameyakariri. Mimi sina la kuongeza hapo. Nilicho nacho ni makosa yangu, na yanakuhusu wewe zaidi ya unavyofikiri.

Nitaanza mbali kidogo, nivumilie. Ninazunguka kwa sababu naogopa, nakiri. Lakini pia bila habari hizi za mwanzo utaona tu kwamba baba yako ni mtu mbaya, na mimi ningependa angalau ujue ubaya wenyewe ulitokea wapi.

Nilipoajiriwa kwenye klabu ya michezo kukata majani nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilikuwa nimetoka kwenye shamba la maua Usa River, na kriketi sikuwahi kuiona hata kwenye gazeti. Wachezaji wengi siku hizo walikuwa Wahindi wenye maduka mjini na Makalasinga wenye magereji. Jioni walikuja kufanya mazoezi ndani ya neti, kile kizimba cha nyavu, na kila mmoja alitaka kushika ubao apige. Kurusha hakuna aliyekutaka. Kurusha ni kazi ya punda: unakimbia hatua ishirini, unaruka, unatua kwa mguu mmoja na uzito wako wote, unauachia mpira, halafu unarudi ulikotoka kuanza upya. Basi wakatuita sisi wa majani tuwarushie.

Pale palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote lakini kila mtu aliifuata: wa majani wanarusha, hawapigi. Miaka tisa niliwarushia watu mipira, na sikuwahi hata siku moja kusimama upande wa pili nikiwa na ubao mkononi. Wala sikulalamika, kwa sababu kulikuwa na chai. Aliyerusha vizuri alikaribishwa kwenye kibaraza cha wanachama baada ya mazoezi, akakaa kwenye kiti chenye mto, akanywa chai ya maziwa yenye iliki pamoja nao, akaitwa kwa jina lake. Asiyerusha alikunywa maji ya bomba nyuma ya stoo. Usicheke. Kile kiti nilikipenda sana.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kalwant, yule Kalasinga mwenye gereji ya malori ambaye utotoni ulimwogopa kwa sababu ya ndevu zake. Alisimama nyuma yangu na kupiga kelele hadi kunguru wakaruka: "Nyoosha mkono, bwana! Kunja hapana! Kunja ni kutupa mawe!" Ndiyo sheria ya kwanza niliyokufundisha na wewe. Kiwiko kisikunjwe, mkono upite karibu na sikio ukiwa umenyooka, mpira umdundie mpigaji miguuni. Kila siku nikikufundisha nilikuwa namsikia yeye.

Mwaka wa saba bega langu lilianza kuuma. Nilijua siku ile ile kwamba si uchovu. Mtu anaujua mwili wake, hata akijifanya haujui. Lakini nilikifikiria kile kiti na yale maji ya bomba, nikanyamaza. Nikarusha miaka miwili zaidi, nikijichua dawa kwa siri nyuma ya mifuko ya mbolea, hadi jioni moja mkono ukagoma hewani na mpira ukaniangukia kichwani mbele ya watu wote. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Wewe nilikuambia bega hili liliharibiwa na baiskeli. Sijawahi kuanguka na baiskeli, Aichi. Mama yako ananivalisha koti la Jumapili kama mtoto kwa sababu ya chai ya iliki.

Baada ya hapo wakanihamishia kwenye ule uwanja mdogo wa wazee, nyuma ya ukumbi. Labda unaukumbuka. Majani yamekatwa mafupi kama zulia, na wazee waliovaa nguo nyeupe wanavingirisha mipira mizito myeusi kuelekea kijipira kimoja cheupe. Aliyekikaribia zaidi ndiye mshindi. Waingereza wameupa mchezo huo jina lile lile wanaloliitia kurusha kwetu, boling, na mimi nilishangaa kwa muda mrefu, maana pale hakuna kukimbia wala kuruka. Mtu anainama taratibu, anauachia mpira, kisha anasubiri. Na mpira wenyewe umechongwa upande mmoja tofauti na mwingine, kwa hiyo unaanza vizuri, halafu ukiishiwa mwendo unapinda. Nilijifunza kuuvingirisha kwa mkono wa kushoto. Kwa mtu mwenye bega bovu ulikuwa mchezo wa huruma.

Ulikuwa na miaka sita nilipokupeleka pale alasiri moja, wazee wakiwa wamekwisha kwenda zao. Uliuvingirisha mpira mara mbili, ukapinda mara mbili.

"Baba, nani anausukuma?"

"Hakuna anayeusukuma. Ndivyo ulivyo."

"Basi mimi siutaki hivyo ulivyo."

Ukauacha palepale, ukaokota kile kijipira cheupe, ukarudi nyuma, ukakimbia na kukirusha. Kikapasua kioo cha dirisha la stoo. Nilipaswa kukugombeza, na kioo kile kilinisumbua na mwenyekiti wa klabu mwezi mzima. Lakini siku ile sikukiona kioo. Niliona mkono. Ulipita sikioni umenyooka kabisa, bila mtu yeyote kukufundisha, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio. Nilikiona kile kiti chenye mto tena, safari hii kikiwa chako, kikubwa zaidi, na hakuna mtu wa kukunyanyua. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, ingawa nilirudi nyumbani nikiimba.

Mengine unayajua. Unaujua ukuta wa nyuma ya nyumba niliouchora kwa chokaa vijiti vitatu vya kulengea. Unazijua kokoto zangu sita. Kila ukirusha nilihamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, kama wafanyavyo waamuzi, maana mipira sita ndiyo ova moja, na ova ikiisha mrushaji anapumzika. Lakini ukirusha vizuri sana nilirudisha kokoto mfukoni bila wewe kuona, nipate kuona tena. Ukirusha vibaya pia nilirudisha, urekebishe. Ukawa unarusha minane, kumi, kumi na miwili, na mimi nasema, "Bado mmoja, mama."

Ulipogundua uliangua kicheko. Mama yako akaufanya utani wa nyumba. Makande yakichelewa kuiva, anasema, "Leo haya ni ova ya baba." Mchungaji akirefusha mahubiri, wewe unaninong'oneza kwenye benchi, "Baba, huyu anaiga ova yako." Tulicheka sana na utani ule. Wiki hii nimejaribu kukadiria ni kokoto ngapi nilizirudisha mfukoni kwa miaka yote ile, nikaacha.

Sasa nafika.

Miaka miwili iliyopita, ukiwa kidato cha tano, ulianza kushika kiuno kila ukimaliza kurusha. Upande wa kushoto, chini. Mama yako alikuchua wiki nzima, haikusaidia. Nikakupeleka hospitali, ukalazwa ndani ya ile mashine yao, na ulipokuwa unavaa viatu daktari akaniita kwenye korido. Alikuwa dada mdogo kwa umri, mwenye haraka zake, lakini aliongea na mimi polepole.

"Mzee, binti ana ufa kwenye pingili ya mgongo, ile ya chini kabisa. Anafanya kazi gani huyu? Anabeba mizigo?"

"Anarusha mpira. Kriketi."

"Basi aache. Miezi sita asirushe kabisa, halafu mrudi tupige picha nyingine. Akilazimisha, huo ufa utakuwa mvunjiko, na ataumwa mgongo maisha yake yote. Mwite tumweleze."

"Tutarudi Jumatatu na mama yake, daktari. Utuelezee wote pamoja."

Akakubali, akanipa bahasha kubwa ya kaki yenye picha na karatasi ya maelezo. Hatukurudi Jumatatu wala siku nyingine yoyote.

Ulitoka ukiwa umefunga kamba za kiatu kimoja. "Baba, amesemaje?"

Nikasema, "Misuli tu, mama. Imechoka."

Wiki nne mbele yetu kulikuwa na mashindano Dar es Salaam, na tulikuwa tumeambiwa kwamba makocha kutoka nje watakuja kuwatazama wasichana. Sababu ni hiyo. Ningefurahi kama ningekuwa na sababu kubwa zaidi ya kukupa, lakini nimeitafuta miaka miwili na sijaipata. Bahasha niliificha kwenye stoo ya klabu. Nikakupumzisha wiki tatu, na nikajiona baba mwenye huruma kwa hizo wiki tatu.

Mwezi ule ule jua lilipasua pichi yetu, ule ukanda wa udongo katikati ya uwanja wa kriketi ambao siku hizo nilikuwa nimerudishiwa kuutunza. Ulikuwa ufa wa upana wa kidole tu, karibu na pale mrushaji anapotua. Nikaifunga pichi. Nikamwambia mwenyekiti, "Hapa hapachezwi wiki nane, hata aje nani." Nikamwagilia asubuhi na jioni, nikafunika kwa magunia, nikafukuza hata watoto waliotaka kukatiza kwenda dukani. Klabu nzima ilinisifu kwa msimamo wangu. Udongo niliupa wiki nane, Aichi. Wewe nilikupa tatu.

Dar ulirusha vizuri kuliko siku zote. Uliwatoa wapigaji wanne, na yule mama kocha kutoka Afrika Kusini akakuomba umtajie herufi za jina lako mara mbili ili asikosee kuandika. Nilikuwa nimesimama kwenye uzio nikilia, na watu wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha kweli, nusu yake.

Kesho yake mchana, kabla ya kurudi Arusha, timu ikapelekwa kwenye jumba la boling. Hiyo ni boling ya tatu, ya ndani ya nyumba, ya taa za rangi na viatu vya kuazima, mpira una matundu ya vidole na unavingirishwa kwenye njia ya mbao kuangusha pini kumi. Nyote mlikuwa mnapiga kelele. Ilipofika zamu yako ulichukua mpira, ukatembea hatua nne, ukainama na kuuachia. Pini zote zikaanguka. Wenzako wakaruka juu kwa shangwe. Wewe hukunyanyuka. Uligeuza shingo kunitafuta ukiwa bado umeinama, mkono kiunoni, uso umepauka.

Kabla ya hapo nilikuwa najiambia kwamba madaktari nao hukosea. Pale nilijua kwamba hakukosea. Nikaja mbio hadi ulipokuwa, na badala ya kukushika nikakunong'oneza, "Simama, mama. Kocha anaangalia."

Ukasimama. Hata ukacheka, ukawaambia wenzako umetelezeshwa na vile viatu vya kuazima. Uliudanganya ule umati haraka sana, bila kupepesa, na mimi niliyekufundisha nikashukuru moyoni. Ningekuwa nawaza vizuri ningekubeba mgongoni siku ile hadi hospitali.

Tangu hapo hujanilalamikia tena. Lakini macho ninayo. Unalala sakafuni juu ya mkeka ukisema chumba kina joto, hapa Arusha, mwezi wa saba, mlima Meru umevaa wingu na sisi tumevaa makoti. Unavaa soksi ukiwa umekaa, umeupandisha mguu kwenye kitanda. Ukishuka kwenye bodaboda unashikilia kiti kwanza, unapumua, ndipo unatembea. Mwezi uliopita zilikuja fomu za chuo, na kwenye ukurasa wa afya waliuliza kama umewahi kuumia mgongo. Nikasema mwandiko wako hausomeki, acha nijaze mimi. Nikaandika "Hapana." Ukasaini bila kusoma, kwa kuwa nilikuwa nimejaza mimi.

Utauliza kwa nini nimengoja hadi leo. Nilikuwa nimeamua kunyamaza milele, huo ndio ukweli. Lakini leo asubuhi ulipokuwa unafunga sanduku nilikuwa nimesimama mlangoni na hukuniona. Ulipiga magoti kwa sababu kuinama hukuweza. Ulipomaliza ulibaki pale pale umeshika ukingo wa kitanda, umefumba macho, jasho linakutoka. Halafu ukajiambia mwenyewe kwa sauti ndogo, "Misuli tu." Nikatoka nje, nikaenda kushika ule ukuta wa chokaa.

Mgongo wako umekuambia ukweli miaka miwili, na wewe umeukatalia kwa sababu baba alisema. Umejiona mvivu, umejiona mlegevu kuliko wenzako, kumbe ulikuwa na mfupa uliopasuka na baba mwongo.

Naogopa, Aichi. Naogopa simu ya namba ngeni. Naogopa asubuhi moja huko, kwenye majani ya watu nisiowajua, unatua kwa mguu wa kushoto hasa kama nilivyokufundisha, na kitu kinakatika ndani yako, na waliokuzunguka hawajui hata jina tunalokuitia nyumbani. Naogopa utafika umri wangu ukiomba mtu akufungie viatu. Naogopa hutanisamehe. Na kuna woga mwingine unaozidi hata huo: kwamba utanisamehe haraka mno, kwa adabu zako zile, utaniambia "haina shida, baba," kisha uende ukarushe.

Usirushe. Hilo ndilo neno langu moja, na ninalisema nikijua kwamba sina tena haki ya kukuamuru. Usirushe hata mpira mmoja wa kupasha mwili hadi daktari mwingine auone mgongo wako, na safari hii uwe chumbani mwenyewe akiongea, mimi nibaki nje. Ile fomu tutaisahihisha. Nitawaandikia kwa jina langu kwamba aliyeandika "Hapana" ni mimi. Wanaweza kukunyang'anya nafasi, sitakudanganya kwamba hawawezi. Simjui yule mama kocha kiasi hicho. Wanaweza pia kukuacha usome kilimo chako huku unapona. Sijui. Ninachojua ni kwamba ukienda na ile fomu ilivyo, watakupa mpira siku ya pili.

Kuna jambo jingine dogo. Maisha yangu yote nimewadharau warushaji wa polepole, wale wanaouzungusha mpira kwa vidole ili upinde ukishadunda. Mbele yako niliwaita wavivu. Mzee Kalwant alikuwa mmoja wao, na alirusha hadi ndevu zikawa nyeupe, na hakuna siku nilimwona akishika kiuno. Vidole vyako ni virefu. Ukipona unaweza kujifunza, na mtu akikuambia hiyo si kurusha, mwambie baba yako alikuwa mjinga wa namna hiyo hiyo. Au usirushe tena kamwe, kwa kasi wala polepole, na mpira usiuguse. Nitakuwa baba yako vile vile. Hujawahi kunisikia nikisema hivyo, na ninaona aibu kwamba hujawahi.

Na popote utakapokuwa, akitokea mtu wa kukuhesabia mirusho yako, awe kocha, awe mimi, wewe hesabu yako mwenyewe. Yake ikizidi, keti chini.

Mama yako hajui lolote. Amekuchua miaka miwili kwa ajili ya misuli isiyouma, na kila mara alimshukuru Mungu kwamba si kitu kikubwa. Akitoka kwaya nitamweleza kabla hajavua kitenge. Hasira zake ni halali yake, na za kwako pia. Usinitetee kwake. Najua utataka kunitetea.

Nilipanga kuitia barua hii ndani ya kiatu chako cha mazoezi uikute ukishafika. Nilijiona mjanja: ungeisoma ukiwa mbali, ungelia peke yako, na mimi ningekuwa huku nasubiri, nimetua mzigo. Dakika kumi zilizopita nilikuwa tayari nimelifungua sanduku. Ndipo nikaona kwamba nipo tena kwenye ile korido, nasema Jumatatu. Ukishafika huna tena cha kuamua, utakuwa umekwisha kuamuliwa. Lazima ujue leo, tiketi ikiwa bado iko juu ya kabati, ili kwenda kuwe kwako na kubaki kuwe kwako. Nimelifunga sanduku. Bahasha ya daktari nimeshaitoa stoo, iko hapa mezani.

Naisikia sauti yako getini. Unampa shikamoo Mama Happy wa jirani, naye anakuuliza kama umeshafunga mizigo. Nitakupa karatasi hizi mkononi kabla hujaweka chini ndizi za bibi yako, kisha nitakaa upande wa pili wa meza. Sitatoka kwenda kumwagilia majani. Sitasema neno hadi ufike mwisho.

Umefika mwisho. Inua uso, mwanangu, unionyeshe panapouma.

Baba yako